Daftari la Wakala

Daftari langu lina mistari ya buluu
na kalamu nimeifunga uzi, isiibwe.
Tarehe, jina, kitambulisho, kiasi, sahihi.
Hapa Gadeni, kati ya kinyozi na duka la mabati,
najua nani kapeleka karo,
nani kalipa deni la msiba,
na tangu likizo ya Agosti
najua pia nani kanunua upanga.

Upanga, ndiyo. Haukati hata kitunguu.
Huwaka samawati ndani ya simu,
bei yake shilingi mia nne na hamsini,
na Tariki huuchukua kwa laini ya mamake
kama mtu anunuaye kashata.

Ndugu yangu Lali hupakua saruji gatini.
Mfuko mmoja, shilingi thelathini.
Upanga ule ni mifuko kumi na mitano,
nimepiga hesabu nyuma ya risiti,
na mgongo nao una hesabu yake.
Usiku huketi nje ya nyumba ya wageni
ambapo mtandao huvuja ukutani kama unyevu wa chokaa,
akajifundisha kuruka, kujibanza,
kuhesabu pumzi za adui.
Miezi saba. Vidole vikaota macho.

Ijumaa akaja dukani, uso umemshuka.
"Somoe, yeo nimeuawa na mtu asiyejua kukimbia.
Alisimama tu. Akapunga mkono mara moja.
Nimeona na mato yangu. Hiyo ni haki?"

Nikatafuta jibu la kikubwa.
Nikamwambia: mchezo wenyewe ni bure,
nani atawalipa mishahara walioutunga?
Nikamwambia: kule uwanjani Twaifu
wengine huja na njumu, wengine miguu mitupu,
mbona hujapata kulia?

Akasema, "Njumu hazifungi zenyewe.
Mwenye njumu akikosa, amekosa.
Huyu akikosa, mchezo humwuliza:
utaongeza shilingi ngapi?"

Sikuwa na la kujibu.
Wala sikumwambia kwamba kila upanga
huniachia kamisheni, vishilingi vichache,
na ndivyo vilivyonunua sukari
ya chai aliyokuwa akiinywa.

Mwezi uliofuata alileta noti zenye vumbi la saruji.
Nilizihesabu mara mbili, nikitaraji zipungue.
Akanunua. Akashinda siku tatu,
akanyamaza siku zote tatu.
Siku ya nne wakatoa mkuki.
Shilingi mia tisa.
Upanga wa juzi ukawa mwiko.

Halafu ikaja ile Jumapili umeme ulipokatika tangu adhuhuri.
Simu zikafa moja moja.
Tariki akajikuta mbele ya ubao wa keram wa kinyozi,
Lali upande wa pili, poda imemwagwa,
kete tisa nyeusi, tisa nyeupe,
malkia mwekundu katikati.
Alifungwa. Akafungwa tena.
Mara ya tatu akamlenga malkia,
naye akagonga ukingo, akarudi,
akasitasita mdomoni mwa shimo, akazama.
Tariki akakitazama kidole chake
kama mtu aliyekabidhiwa mzigo usio wake.
"Ni mimi huyo?"
Hakuna aliyecheka.
"Ni wewe," Lali akasema. "Ongeza poda."

Nilikuwa mlangoni, ufunguo mkononi.
Kumbe na mnunuzi kapunjwa:
miezi yote hii kauziwa ushindi
bila kuambiwa kama anaweza.

Umeme ulirudi saa mbili usiku.
Saa mbili na dakika kumi Tariki yuko dirishani,
elfu moja, noti mpya, laini ya mamake.
Nikamtazama. Akautazama ukuta.
Nyuma yake, gizani, kinyozi anakunja ubao.
Ningeweza kusema mashine imegoma.
Nikaivuta kalamu kwa uzi wake,
nikaandika tarehe.